Naombeni ushauri: tiketi za hoki ya nje, Ohio Stadium Machi 1. Ninunue sasa au nisubiri?

Mama Neema (Januari 2025)

Wakuu, habari za majukumu. Naombeni ushauri, hasa ninyi mliozoea viwanja vya Marekani.

Machi 1 Columbus Blue Jackets, timu yetu ya hoki ya barafu hapa Ohio, wanacheza na Detroit Red Wings, na safari hii si ndani ya Nationwide Arena, ukumbi wao wa kawaida. Barafu itatandazwa katikati ya Ohio Stadium, ule uwanja wa chuo wenye umbo la kiatu cha farasi, uliofunguliwa mwaka 1922. NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu Marekani na Kanada, haijawahi kucheza humo. Binti yangu ana miaka 11, ameanza kuteleza na klabu ya watoto, na mchezaji anayempenda ni Zach Werenski wa Blue Jackets. Tangu Johnny Gaudreau, nyota wa timu hiyo, na mdogo wake Matthew wagongwe na gari wakiwa kwenye baiskeli na kufariki Agosti mwaka jana, mtoto huyu ameishika timu kwa namna nyingine kabisa. Ile mechi ya kwanza ya nyumbani Oktoba, Blue Jackets walipoanza bila winga wa kushoto kwa sekunde 13, namba ya jezi ya marehemu Johnny, alisimama mbele ya runinga mpaka sekunde zikaisha. Nataka siku hiyo awepo.

Tuko wanne: mimi, baba yao, Neema na mdogo wake wa miaka 6. Nimetenga dola 500 za tiketi. Je, ninunue sasa au bei itashuka? Viti vya chini karibu na barafu vinastahili hela wanazotaka? Tena kuna mtu kwenye kundi la WhatsApp anauza tiketi nne kwa bei nzuri mno, anataka nimtumie hela kwanza kwa simu halafu anirushie picha ya tiketi.

Nawasilisha.

Kipanga wa Moro

Mama Neema, naanza na la mwisho kwa sababu ndilo la haraka. Huyo wa WhatsApp achana naye leo hii.

Picha ya tiketi si tiketi. Tiketi nyingi za mechi kubwa siku hizi zinaishi ndani ya programu ya simu na msimbo wake unajibadilisha kila baada ya sekunde chache, kwa hiyo ukifika mlangoni na picha, mashine inakukataa. Na hata kama msimbo haubadiliki, picha hiyo hiyo inaweza kuuzwa kwa watu kumi, akaingia yule wa kwanza kufika. Mwenye tiketi halali anaihamisha kutoka akaunti yake kwenda yako, na unaiona imekaa kwako kwa jina lako. Akianza kukwambia kuhamisha kunamsumbua, umeshapata jibu.

Halafu hizi huduma za kutumiana hela kwa simu zimetengenezwa kwa watu wanaojuana. Ukishabonyeza kutuma, benki inahesabu umetoa kwa hiari yako. Lipa kwa kadi, kupitia duka lililounganishwa kwenye tovuti ya timu yenyewe au soko la kuuziana lenye dhamana. Usilitafute duka hilo kupitia matangazo ya juu ya utafutaji, maana tovuti za kuigiza huwa zinajipanga hapo hapo. Fungua tovuti ya Blue Jackets, bonyeza kutokea humo.

Nyakio_MN

Dada, nilikuwa Target Field, Minneapolis, Januari 1, 2022, timu yetu ya Minnesota Wild ikicheza nje na St. Louis Blues. Tulifungwa 6-4 na baridi ilikuwa nyuzi 21 chini ya sifuri wakati mchezo unaanza. Naomba nikusaidie kuhusu viti, maana hapo ndipo watu wengi wanatupa hela.

Uwanja wa hoki una urefu wa mita 60 na upana wa mita 26 hivi. Ukiuweka katikati ya uwanja wa mpira wa Kimarekani unabaki kisiwa, na safu ya kwanza ya viti iko mbali nao sana. Mtu wa safu za chini hayuko karibu na barafu hata kidogo. Macho yake yanakuwa karibu usawa mmoja na zile mbao za pembeni, kwa hiyo puki (kile kisahani cheusi kinachopigwa) ikija upande wake haioni kabisa, anasikia tu mgongano na kuona kofia zinapita. Jamaa wa safu za mbele yetu walitazama skrini kubwa jioni nzima. Sisi tuliokaa juu tuliona barafu yote, nani yuko huru, pasi inaelekea wapi. Kwa mtoto anayejifunza mchezo, juu ndiko kwenye darasa.

Kwa hiyo tafuta juu, na uwe usawa wa katikati, si nyuma ya goli.

Baba Jabali

Mimi nasema nunua sasa. Msimsahau mgeni ni nani. Detroit ni saa tatu na nusu hivi kwa gari, na mashabiki wale wanasafiri. Mwaka 2014 Red Wings walicheza nje na Toronto pale Ann Arbor, theluji ikimwagika, wakaingia watu 105,491. Hao hao ndio wanakuja Columbus. Viti vinne vilivyoshikana vikiisha, utabaki na viwili huku na viwili kule, na mtoto wa miaka 6 humpeleki kukaa na wageni.

Mjukuu wa Pwani

Kaka Baba Jabali, nakuheshimu lakini hapo tutofautiane kidogo. Nationwide Arena inachukua watu 18,500 hivi. Ohio Stadium inapita 100,000. Hizo ni tiketi mara tano na zaidi ya mechi ya kawaida ya Blue Jackets, katika mji ule ule. Wapo waliozinunua nyingi ili waziuze kwa faida, na hao wiki ya mwisho wanaanza kutetemeka, kwa sababu tiketi ya mechi iliyopita ni karatasi. Utabiri wa hali ya hewa ukitoka mbaya ndiyo kabisa, wanashusha.

Ila nakubali, mchezo wa kusubiri unamfaa mtu mmoja au wawili. Kwa wanne ni hatari.

Mama Neema

Asanteni sana. Huyo wa WhatsApp nimemwomba ahamishe kwenye programu, kanijibu "sista huniamini?" na hajaandika tena. Nimewatahadharisha wenzangu kundini.

Sasa Mjukuu wa Pwani, nikisubiri nisubiri mpaka lini? Na kila nikifika hatua ya kulipa bei inapanda.

Mjukuu wa Pwani

Hizo ni ada, zinaongezwa mwishoni. Kwenye ukurasa wa kuchagua viti tafuta kitufe cha kuonyesha bei pamoja na ada, ukiwashe kabla hujaanza kulinganisha. Tiketi inayosomeka dola 90 inaweza kuishia 115 au zaidi, na duka lenye bei ndogo ukurasa wa kwanza si lazima liwe la bei ndogo mwishoni.

Kuhusu lini: wewe umeshajua kikomo chako, dola 125 kwa kichwa na ada ndani. Siku ukiona vinne vilivyoshikana, juu, katikati, chini ya hapo, nunua na usiangalie tena. Kama hujaona, mwisho wako uwe wiki mbili kabla ya mechi.

Lualaba243

Jambo ndugu zangu. Mimi nafanya ulinzi Ohio Stadium siku za Buckeyes, timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo, acha niwaeleze uwanja wenyewe.

Kuna ngazi tatu: A chini, B katikati, C juu. B iko chini ya paa la C, kwa hiyo theluji au mvua ikija unakuwa na afadhali, lakini ukikaa nyuma kabisa ya B hilo paa linakukata skrini. C iko wazi kwa upepo, ila mwono wake ni mzuri, namuunga mkono dada wa Minnesota. Sehemu kubwa ya viti ni mabenchi marefu, si viti vya kuegemea. Nafasi yako ni namba iliyoandikwa kwenye benchi, na watu wakivaa makoti mazito mnabanana. Mzee au mwenye mgongo mbaya ajiandae.

Mikoba ni ile ya plastiki inayoonyesha ndani tu. Kila wiki narudisha akina mama garini na mikoba yao ya ngozi, inaniuma, lakini ndiyo sheria.

Nyakio_MN

Umenikumbusha mabenchi! Mama Neema, baridi inaingilia miguuni na makalioni. Beba vipande vya boksi au sponji, kimoja cha kukalia na kimoja cha kukanyagia, saruji isiwanyonye joto. Soksi za sufu, na viatu visibane. Viatu vikibana damu haizunguki na vidole vinakufa ganzi hata ukivaa soksi tatu. Vile vipakiti vya kupasha joto viweke pia karibu na simu. Betri inazimika kwenye baridi, na tiketi zenu zote zimo humo.

Kipanga wa Moro

Hili la simu ni kubwa. Hamishia tiketi ya baba yao kwenye simu yake mapema, msitegemee simu moja.

Mtani wa Kericho

Naingilia kidogo. Kwetu Nairobi Kenya Ice Lions, timu ya hoki ya barafu ya Kenya, walikuwa wakifanya mazoezi kwenye kile kiwanja kidogo cha barafu cha hoteli ya Panari, na mwaka 2018 walipelekwa Kanada wakacheza na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwonyeshe Neema video zao, atafurahi.

Swali langu: mechi ikiahirishwa kwa hali ya hewa, hela inarudi?

Baba Jabali

Ikifutwa kabisa, kwa kawaida inarudi. Ikisogezwa tu, tiketi yako inabaki halali kwa muda mpya, basi. Na kusogezwa kunatokea. Mechi ya nje ya Pittsburgh 2011 ilitoka mchana ikaenda usiku kwa mvua. Winnipeg 2016 ilichelewa kama saa mbili kwa sababu ya jua kali kwenye barafu. Kule Lake Tahoe 2021 barafu iliharibiwa na jua, wakasimama baada ya kipindi cha kwanza wakamalizia usiku. Hii ya Columbus imepangwa saa 12 jioni, kwa hiyo jua halitasumbua sana, lakini usipange zamu ya kazi alfajiri ya Jumapili.

Mama Neema (Februari 2025)

Wadau, nimenunua! Ngazi ya C, karibu na katikati, vinne vilivyoshikana, ada ndani na chenji imebaki. Viwili viko kwenye simu ya baba yao. Nimemwambia Neema jana usiku, amelala na jezi ya namba 13.

Lualaba, tuje na gari au tuliache?

Lualaba243

Hongera dada! Liache. Maegesho ya karibu ni ghali na kutoka kwake ni saa nzima. Pandeni basi la COTA, mabasi ya mji, la High Street, mshuke eneo la chuo, mtembee kuelekea magharibi mtauona. Fikeni mapema, huyo wa miaka 6 atahitaji kwenda msalani kabla hamjapanda ngazi za C.