Bunduki ya leva kwa kambi ya Alaska: .30-30 au .45-70?

Mgeni_Kaskazini
Habari za humu wakubwa. Mwezi wa saba naenda kupiga kambi Alaska na jamaa zangu wawili, na nataka bunduki ya leva, ile unayovuta mkono wa chini ya kifyatulio kuingiza risasi nyingine, ya kujikinga na dubu. Dukani nimeshika mbili. Marlin 336 ya risasi za .30-30, nyepesi na bei yake naimudu. Ya pili ni Marlin 1895 ya .45-70, ile ya chuma cheupe yenye mtutu mfupi. Hiyo nimeipenda sana ila bei yake inauma. Muuzaji amekubali kuniwekea hadi Jumamosi. Nichukue ipi?

Mvuvi_wa_Kenai
Karibu ndugu. Alaska ni kubwa kuliko Tanzania na Kenya zikiunganishwa, kwa hiyo "Alaska" peke yake haitusaidii. Mnaenda mbuga ya Denali, rasi ya Kenai au kisiwa cha Kodiak? Mtatembea na mizigo mgongoni au mtalala karibu na gari? Umewahi kupiga bunduki kubwa? Na unaishi Marekani kwa karatasi gani? Hilo la mwisho usilipite, lina uzito kuliko risasi zote ulizotaja.

Kijana_wa_Eldoret
Mimi nakwambia wachana na zote mbili, tafuta Rossi R92 ya .44 Magnum. Umbo lake limetoka kwenye Winchester ya 1892, ni nyepesi, leva yake inateleza vizuri na haikuvunji bega. Dubu akikufikia mita kumi, hutaki bunduki inayokupiga teke hadi risasi ya pili iende mbinguni. Niko nayo kila nikienda porini Washington na sijawahi kujutia.

Mvuvi_wa_Kenai
Kaka, Washington wengi ni dubu weusi. Huyu anakwenda kwa dubu wa kahawia. .44 itamwangusha mweusi, lakini mkubwa wa pwani anayekula samoni msimu mzima ana mafuta, misuli na mifupa ya bega ambayo risasi inabidi ipasue. .45-70 ilianza na jeshi la Marekani mwaka 1873, na risasi yake ya asili ni karibu gramu 26. Ya .30-30 unayoiona dukani ni kama gramu 11 tu. Kwa dubu anayekuja kwa kasi nachagua uzito.

Mama_Missoula
Shikamooni wakubwa, na wadogo nawasalimu. Mbona hakuna aliyemuuliza kama ana spreyi ya pilipili? Huku Montana tunaishi na hao wanyama. Utafiti wa Alaska uliochapishwa 2008 ulionyesha kuwa spreyi ilimzuia dubu wa kahawia katika asilimia 92 ya matukio waliyoyachunguza. Dubu anaweza kukimbia karibu kilomita 50 kwa saa. Akianzia mita thelathini, una sekunde mbili hivi. Katika sekunde hizo mtu aliyeshtuka amtandike risasi kichwani, au afyatue wingu la pilipili mbele yake? Mimi nina watoto, nimeshachagua.

Kijana_wa_Eldoret
Mama, na upepo ukivuma kukuelekea je? Na mvua je?

Mama_Missoula
Ndiyo maana unafanya mazoezi kwa kopo la mazoezi, na unalivaa kiunoni, si kulizika ndani ya begi. Upepo unapunguza umbali, sikatai. Lakini hata mwenye bunduki anapaswa kuwa na spreyi.

Mvuvi_wa_Kenai
Ngoja niwaeleze lililotupata, maana watu wanabishana juu ya risasi na kusahau mashine yenyewe. Tulikuwa kambi ya uvuvi kando ya mto, rasi ya Kenai, wakati samoni wamejaa. Mwenzetu alikuwa na bunduki ya leva ya mtumba, chapa yake siitaji. Alihakikishiwa na aliyemuuzia kwamba imekaguliwa na fundi. Usiku wa manane, ambao kule mwezi wa saba bado una mwanga, majirani wa hema la pili walikuwa wameacha boksi la barafu lenye samaki nje. Dubu akaja. Jike, na watoto wake wako nyuma vichakani, tunawasikia. Akalipindua boksi, akala, kisha akageuka upande wetu. Mwenzetu akapiga risasi moja hewani. Dubu akasimama. Mwenzetu akavuta leva kuingiza ya pili, ikagoma katikati, si mbele si nyuma. Risasi mbili zilikuwa zimetoka kwa pamoja kwenye bomba la kuhifadhia risasi lililo chini ya mtutu na moja imekwama chini ya kile kijiko kinachozinyanyua. Alivuta hadi kucha ikang'oka. Bila kufungua skrubu ile kitu haitoki, na nani ana bisibisi mbele ya dubu mwenye watoto? Tulichofanya ni kusimama pamoja bega kwa bega, tukapiga sufuria na kelele, na mama mmoja wa kundi letu akampulizia spreyi alipofika kama mita saba. Dubu akapiga chafya, akakimbilia vichakani na watoto wake. Fundi wa mjini alipoifungua akakuta kijiko kimelika pembeni, tatizo la siku nyingi ambalo ukaguzi wa kweli ungeliona. Kwa hiyo yeyote anayenunua, mpya au mtumba, apige risasi nyingi kwenye uwanja wa shabaha kwanza, zile zile atakazobeba porini, na avute leva kwa nguvu hadi mwisho kila mara. Bunduki isiyojaribiwa ni mzigo.

Askari_Mstaafu_Moro
Ushauri wa kiume huo. Sisi wa zamani Selous tulitembea na .458 ya bolti kwa ajili ya tembo na nyati, na hata hapo bunduki ilikuwa ya mwisho. Kwanza ni upepo, nyayo, na kujua mnyama amelala wapi. Vijana, chakula msilale nacho hemani. Bunduki haimzuii mnyama aliyeitwa na harufu.

Mgeni_Kaskazini
Asanteni sana. Ni Denali, tutatembea na mabegi siku kadhaa. Bunduki nimepiga kidogo tu kijijini, gobore la babu. Kuhusu karatasi, niko kwa visa ya masomo, lakini jamaa yangu ana grinikadi, kile kibali cha ukaazi wa kudumu, kwa hiyo atanunua yeye kwa jina lake na mimi nitampa hela. Hapo hakuna shida, si ndiyo?

Mvuvi_wa_Kenai
SHIDA IPO. Simama hapo hapo. Fomu namba 4473 unayojaza dukani inauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Jamaa yako akijibu ndiyo wakati hela ni zako na bunduki ni yako, ametenda kosa la serikali kuu, na grinikadi yake inaweza kuondoka nalo. Na wewe wa visa ya masomo, sheria inakukataza hata kumiliki au kubeba, isipokuwa ukiwa ndani ya vighairi vyake. Kinachojulikana zaidi ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Mwenye grinikadi na mkimbizi wao wanaruhusiwa kama hawana kizuizi kingine. Nenda kwa mwanasheria wa uhamiaji kabla ya Jumamosi. Muuzaji atasubiri.

Mama_Missoula
Mwanangu, msikilize. Nimeona watu wakipoteza miaka yao yote hapa kwa kitu kidogo kuliko hicho.

Na Denali sehemu kubwa ya nyika wanataka ubebe chakula kwenye chombo kigumu kisichofunguliwa na dubu. Kuhusu bunduki, tangu 2010 kuibeba ndani ya mbuga za taifa kunafuata sheria za jimbo, lakini kuifyatua ni jambo jingine. Na spreyi hairuhusiwi kwenye ndege, si mkononi si kwenye begi la chini. Inunue ukifika.

Askari_Mstaafu_Moro
Na ukimuua dubu Alaska kwa kujihami?

Mvuvi_wa_Kenai
Ngozi yenye kucha na fuvu unavikabidhi kwa idara ya wanyamapori ya jimbo, na ripoti ya maandishi ndani ya siku 15. Hakuna kumbukumbu ya kupeleka nyumbani. Tena, musi, yule mnyama jamii ya kulungu mwenye pembe kama majembe, huumiza watu wengi Alaska kuliko dubu. Jike mwenye ndama umpe njia, bunduki au bila bunduki.

Bin_Saidi_Tanga
Leva zilifika hadi kwetu. Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliposhuka Mombasa Aprili 1909 alikuwa na Winchester 1895 ya .405, akaitumia sana kwa simba. Hiyo ina magazini ya boksi, si bomba, kwa hiyo unaweza kutia risasi zenye ncha. Kwenye bomba risasi zinalala zikifuatana, ncha ya risasi ya nyuma inagusa fataki (kiwashio cha baruti) kwenye kitako cha ile ya mbele, teke moja na bomba linaweza kulipuka. Ndiyo maana za .30-30 zina pua bapa.

Kijana_wa_Eldoret
Siku hizi kampuni ya risasi ya Hornady wanatengeneza zenye ncha laini ya mpira kwa hizo za bomba, mzee.

Bin_Saidi_Tanga
Najua, ila 1909 hazikuwepo. Hoja yangu ni kwamba ile ya boksi bado ndiyo muundo bora kwa mnyama mkubwa.

Kijana_wa_Eldoret
Kwa uzito ule? Nani atapanda nayo mlima na begi la kilo ishirini? Nasimama na .44.

Mgeni_Kaskazini
Nimempigia muuzaji, nimemwambia sichukui wiki hii. Naonana na mwanasheria wa chuo Jumatatu. Kopo la spreyi lenye ujazo gani linafaa kwa watu watatu, moja moja au tunagawana?

Mama_Missoula
Kila mtu lake, kiunoni.

Mpya_Fairbanks
Samahani kuingilia. Mimi nina grinikadi na bunduki ya leva ya Henry ya .45-70, nahama kutoka Minnesota kwa gari kupitia Kanada. Kuna aliyeivusha mpakani? Nasikia kuna fomu na ada ya dola 25, lakini risasi je?