Njia ya Inka kwa siku nne hadi Machu Picchu: je, mama wa miaka 61 mwenye goti bovu ataiweza?

Msomaji wa Ramani aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Mama yangu amestaafu kufundisha historia mwaka huu akiwa na umri wa miaka 61, na zawadi pekee aliyotuomba wanawe ni kufika Machu Picchu, magofu ya mji wa kale wa Wainka nchini Peru, kwa miguu, kwa kupita njia ile ile ya mawe waliyoipita Wainka wenyewe. Mimi ndiye niliyeteuliwa kumsindikiza. Mama hutembea kila asubuhi na moyo wake ni mzima, ila goti lake la kushoto humsumbua kila anapoteremka ngazi. Tunakusudia kwenda mwezi Julai mwaka ujao.

Nimesoma kadiri nilivyoweza, na bado kuna mambo matatu yanayonitatiza. Kwanza, je, ni lazima tufuatane na mwongoza watalii, au tunaweza kukodi hema pale mjini Cusco na kwenda wenyewe kwa mwendo wetu? Pili, ugumu wenyewe uko wapi: katika kupanda, katika hewa nyepesi, au katika kuteremka? Tatu, wapo wanaodai kwamba njia hiyo imejaa watu mno na kwamba ni heri kupita njia ya mlima Salkantay au kwenda kwenye magofu ya Choquequirao. Naomba majibu ya watu waliofika, maana ya makampuni nimeshayasikia.

Kibali Mkononi alijibu:

Ndugu, swali la kwanza lina jibu fupi: kwenda wenyewe hairuhusiwi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ya Peru imeizuia njia hiyo kwa mtu asiyefuatana na mwongozaji mwenye leseni, na kibali hupatikana kupitia kampuni iliyoidhinishwa tu. Kwa siku moja huruhusiwa watu 500, na katika idadi hiyo wamo waongozaji, wapishi na wapagazi, kwa hiyo nafasi za wageni hubaki kama 200. Vibali vya Julai, ambao ni mwezi wa kiangazi kule, huisha miezi mingi kabla. Msingoje bei ishuke, kwa sababu haishuki. Andaeni dola 600 na zaidi kwa kila mmoja, na hakikisheni bei hiyo imejumuisha kiingilio cha Machu Picchu na treni ya kurudi, kwani hakuna barabara ya gari kutoka Cusco hadi Aguas Calientes, mji ulio chini ya magofu. Mwezi Februari njia hufungwa kabisa kwa matengenezo, lakini hilo haliwahusu.

Jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote ni pasipoti. Kibali huandikwa kwa jina na namba ya pasipoti, na hakihamishwi kwa mtu mwingine. Mimi mwenyewe kampuni niliyoitumia ilikosea tarakimu moja, nami sikukagua. Tulipofika kituo cha ukaguzi cha Kilomita 82, panapoanzia njia, nilisimamishwa pembeni kwa muda mrefu huku wenzangu wakivuka daraja la mto Urubamba. Niliokolewa na nakala ya barua pepe niliyokuwa nimeichapisha, iliyoonyesha namba sahihi niliyowatumia. Kagueni namba hiyo siku mtakayopokea uthibitisho, wala msingoje siku ya safari.

Goti la Zamani alijibu:

Mama yako mpelekee shikamoo yangu. Nilipita njia hiyo nikiwa na miaka 57 na goti lisilokuwa zima, kwa hiyo nitajibu swali la pili.

Njia yote ni kama kilomita 43, na mtu asiyeijua akisikia umbali huo kwa siku nne hudhani ni matembezi tu. Siku ya kwanza ni matembezi kweli: mnafuata bonde, jua linawaka, mnapita juu ya magofu ya Patallacta, na jioni mnafika Wayllabamba katika mwinuko wa takribani mita 3,000. Siku ya pili ndiyo watu wanayoisimulia. Mnapanda mita 1,200 kwa mfululizo hadi kipito cha Warmiwañusca, pale njia inapovuka mgongo wa mlima kwenye mita 4,215. Kwa Kikechua, lugha ya wenyeji wa milima hiyo, jina hilo maana yake ni mwanamke aliyekufa, kwa kuwa ukiutazama mgongo huo kutoka bondeni unafanana na mwanamke aliyelala chali. Hapo dawa ni polepole, na ninaposema polepole ninakusudia hatua ambazo kijana ataziona aibu. Mama aende kwa mwendo ambao anaweza kuzungumza bila kuhema, na mwongozaji atakayewahimiza aambiwe hivyo mapema.

Hata hivyo, kwa mtu mwenye goti, siku ya pili si ya kuogopwa kama ya tatu. Baada ya kipito cha Runkurakay na kile cha Phuyupatamarca, njia inaporomoka karibu mita 1,000 hadi magofu ya Wiñay Wayna, na sehemu kubwa ya mteremko huo ni vidato vya mawe, vingine vyembamba, vingine virefu kufika nusu ya muundi, na mvua ikinyesha vinateleza kama sabuni. Mimi nilivishuka kiupandeupande, mguu mzima ukitangulia pale kidato kilipokuwa kirefu, na fimbo mbili mikononi. Fimbo ziwe na vifuniko vya mpira kwenye ncha, maana ncha tupu za chuma haziruhusiwi juu ya mawe hayo. Mama afanye mazoezi ya kushuka ngazi, si kupanda tu, kuanzia sasa. Kutembea kila asubuhi kwenye tambarare hakuliandai goti kwa kazi ile.

Kuhusu hewa: Cusco yenyewe iko mita 3,400, juu kuliko Machu Picchu, iliyoko kama mita 2,430, na wageni wengi huanza kuumwa kichwa pale pale wanaposhuka kwenye ndege. Mkiwasili, teremkeni siku hiyo hiyo hadi Ollantaytambo, iliyo chini zaidi, mlale huko usiku mmoja au miwili, kisha ndipo mpande Cusco. Jipeni siku tatu au nne kabla ya safari. Zipo tembe za acetazolamide za kuzuia ugonjwa wa mwinuko, ila aulizwe daktari kwanza, hasa kama mama hudhurika na dawa za salfa. Chai ya majani ya koka mtapewa kila mahali, nami niliipenda, lakini msibebe hata jani moja kurudi nalo, kwa sababu nchi nyingi huliona kuwa dawa ya kulevya. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Mtu akianza kuyumba au kukosa pumzi akiwa ameketi, anateremshwa mara moja, hata kama ni usiku.

Mpenda Magofu alijibu:

Naingia kwenye swali la tatu, ambalo linanihusu kwa sababu nimepita njia zote tatu.

Salkantay ni njia nzuri, haihitaji kile kibali kinachogombaniwa, na theluji ya mlima wenyewe inaonekana karibu mno. Lakini kipito chake kinazidi mita 4,600, na zaidi utakayoyaona ni milima na msitu. Choquequirao, kwa upande wake, ni mji wa Wainka ulio mpweke, na una matuta ambayo ukutani mwake zimechorwa llama, wanyama wa mizigo wa kule, kwa mawe meupe. Nilikaa mbele yake mchana mzima karibu peke yangu. Ili kuufikia, hata hivyo, unashuka hadi mto Apurímac, kwenye mita 1,500 hivi, kisha unapanda hadi mita 3,000, halafu unarudi kwa njia ile ile. Kwa goti la mama yako hiyo ni adhabu mara mbili.

Juu ya hayo, mama yako ni mwalimu wa historia, na hapo ndipo Njia ya Inka inapokosa mshindani. Watu huizungumzia kama njia ya kwendea Machu Picchu, ilhali njia yenyewe ni jengo la kale: mawe mnayoyakanyaga yalipangwa na Wainka, mifereji ya kupitisha maji chini yake bado inafanya kazi, na kuna mahali njia inapenya mwamba kwa ngazi zilizochongwa ndani yake. Ni kipande kidogo cha Qhapaq Ñan, mtandao wa barabara wa takribani kilomita 30,000 ulioziunganisha nchi ambazo leo ni sita, na ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2014. Sayacmarca, magofu mengine ya njiani, imekaa juu ya genge na ina ngazi moja nyembamba ya kuingilia. Wiñay Wayna ina matuta yaliyojipinda kufuata umbo la mlima na mabirika ya maji yaliyopangwa moja chini ya jingine. Muombeni mwongozaji awafikishe huko kabla ya giza, kwa sababu kundi lililochelewa huishia kambini na kuyakosa.

Mama atapenda pia kujua kwamba tarehe zenyewe zimesogezwa. Kwa muda mrefu, kwa kutegemea maandishi ya Wahispania, ilidhaniwa kwamba Machu Picchu ilianza baada ya mfalme wa Wainka, Pachacuti, kutawala, katikati ya karne ya 15. Vipimo vya mifupa vilivyotangazwa mwaka 2021 vilionyesha watu wakiishi pale tangu mnamo mwaka 1420. Na akisikia mwongozaji akisema kuwa Mmarekani Hiram Bingham aliigundua mwaka 1911, amuulize kwa upole juu ya Agustín Lizárraga, mkulima wa kule, aliyeandika jina lake ukutani mwaka 1902, na juu ya wakulima waliokuwa wakilima matuta yale siku Bingham anafika.

Hatua Fupi alijibu:

Wenzangu wamesema vizuri, ila mimi sikubaliani nao kwamba siku nne ndizo pekee zenye maana. Ipo njia fupi inayoanzia Kilomita 104. Mnashuka kwenye treni, mnapanda siku moja hadi Wiñay Wayna, mnaendelea hadi Inti Punku, yaani Lango la Jua, na mnaiona Machu Picchu chini yenu kama wanavyoiona wa siku nne. Usiku mnalala hotelini Aguas Calientes. Hakuna kipito cha mita 4,000 wala ule mteremko mrefu wa vidato. Kibali na mwongozaji ni lazima huko pia. Goti likivimba siku ya pili ya safari ndefu, hakuna gari litakalokuja kumchukua mama. Atarudi kwa miguu yake au kwa migongo ya watu.

Msomaji wa Ramani aliandika tena:

Nawashukuru sana. Nimemsomea mama majibu yote, naye amecheka aliposikia habari ya Lizárraga. Limebaki jambo moja linalomkera: hataki mtu mwingine aelemewe na mizigo kwa ajili yake. Anauliza kama wapagazi wanalindwa kwa namna yoyote, au ni maneno ya matangazo tu.

Kibali Mkononi alijibu:

Sheria ipo. Peru ilipitisha sheria ya wapagazi mwaka 2001, iliyoweka kikomo cha kilo 20 kwa mtu, pamoja na vitu vyake binafsi, na ikapitisha nyingine mpya mwaka 2022. Mizigo hupimwa kwa mizani njiani, nami niliona mfuko ukifunguliwa na kupunguzwa mbele ya macho yetu. Ila mizani haipimi kila kitu. Kabla ya kulipa, iulizeni kampuni wapagazi wanalala wapi, wanakula nini, nani aliwanunulia viatu na mifuko ya kulalia, na wanalipwa lini. Kampuni inayowatendea haki hujibu bila kusita. Niliyoitumia mimi ilinijibu kwa picha za wageni wanaotabasamu, nami nilipaswa kuelewa.

Bakshishi itolewe kwa soli, fedha ya Peru, si kwa dola, na ikabidhiwe kila mpagazi mkononi mwake. Mama ajifunze na neno *sulpayki*, ambalo ndilo asante ya Kikechua cha Cusco, kwa kuwa wengi wao Kihispania ni lugha yao ya pili.

Msomaji wa Ramani aliandika tena:

Mama ameamua. Tutamwona daktari wa mifupa mwezi huu. Akiruhusu, tunakwenda siku nne na kumlipia mpagazi wa ziada ili mama abebe maji na koti tu, na akikataa tutaanzia Kilomita 104 bila kubishana. Ameshaanza kushuka ngazi za ghorofa tunayokaa, mara tatu kila jioni, kiupandeupande kama alivyoelekezwa. Kuhusu pasipoti, nimeikagua yake usiku huu: inaisha Mei, miezi miwili kabla ya safari. Kesho tunaomba mpya, na kibali kitasubiri namba hiyo.