Vipimo vya akili safi, maamuzi mabovu: ubongo umeguswa wapi?

kijiti_88
Wakuu, naomba ufafanuzi. Mtu ameumia ubongo mbele kabisa, kwa chini, pale juu ya matundu ya macho. Kipimo cha akili safi, kumbukumbu safi, kipimo cha Stroop (cha rangi na maneno) anapita. Lakini mwachie aamue mwenyewe mambo ya fedha na kazi, anaharibu, na kesho anarudia vilevile. Mbona vipimo havioni kitu?

Sokwe_Mpole
Kwa sababu havijapima palipoumia. Stroop (taja rangi ya wino, puuza neno "nyekundu" lililoandikwa kwa buluu) hutegemea zaidi mtandao unaounganisha gamba la mbele, upande wa juu na pembeni, na gamba la parietali (juu, kuelekea nyuma ya kichwa). Huo hushikilia kanuni na kuzuia jibu linalokimbilia mdomoni. Eneo ulilotaja wewe linawasiliana na amigdala (sehemu ya hisia) na striatamu (sehemu ya malipo na mazoea), nalo hukadiria thamani ya kila chaguo. Kwenye Stroop hakuna cha kuthaminisha, kanuni umeshapewa na mpimaji. Watafiti Eslinger na Damasio walieleza mgonjwa wa namna hii, EVR, mwaka 1985.

kijiti_88
Sasa apimwe kwa kipimo kipi?

Sokwe_Mpole
Jaribio la karata la Iowa. Anaanza na dola 2,000 za mchezo, mafungu manne ya karata (A, B, C na D), anachagua karata 100. A na B hulipa 100 kila karata, lakini kwa karata kumi humwacha na hasara ya 250. C na D hulipa 50 tu, ila kwa kumi anabaki na faida ya 250. Alama yake: hesabu karata alizochukua C+D, toa za A+B, kwa kila karata 20. Arobaini za mwanzo usizihukumu, bado anabahatisha. Na B itazame peke yake: adhabu yake ni kubwa lakini huja mara moja katika kumi, hivyo hata wazima wengi huipenda.

Pembe_Tatu
Hapo kwenye "thamani" mimi ningeenda polepole. A na B huanza kwa kulipa vizuri, adhabu baadaye, kwa hiyo anayeshindwa huenda ni yule asiyeweza kuacha alichojifunza mwanzo. Fellows na Farah (2005) walipanga karata upya ili hasara zionekane mapema, na wagonjwa wenye jeraha la eneo hilo wakacheza kama wazima. Ongeza jaribio la kugeuza: picha mbili, moja inalipa, kisha bila taarifa inalipa ya pili. Hesabu mara anazoing'ang'ania ya zamani.

tone_la_wino
Nyongeza: kama aligongwa kichwa, picha ya CT ikiwa safi isiwatulize. Nyuzi zinazounganisha mitandao huweza kukatika bila CT kuonyesha. MRI yenye picha za SWI (aina inayonasa damu) huonyesha madoa madogo ya damu. Na ulizeni dawa anazotumia. Pramipexole (dawa ya Parkinson) na wenzake, zinazoiga dopamini, kemikali ya ubongo, zinaweza kumwingiza mtu kwenye kamari hata bila jeraha lolote. Dozi apunguze daktari, isikatwe ghafla.