Betri ndogo ya LFP au kubwa ya NMC? Naombeni ushauri kabla sijasaini

Wakuu habari za muda huu. Nataka kununua gari la umeme, langu la kwanza, gari lenyewe nimeshalipenda shida ipo kwenye betri. Zipo mbili, zote za lithiamu: ya kWh 52 (kWh ni kipimo cha umeme inaobeba) ya LFP, yaani ya chuma na fosfeti, na ya kWh 75 ya NMC, yaani ya nikeli, manganizi na kobalti, na hiyo kubwa bei imepanda kweli kweli. Kwa siku natembea km 60 tu, nachaji nyumbani usiku. Ila kila wiki mbili naenda kumwona mama, km 280, na mama anaumwa, sitaki siku nimeitwa usiku nianze kupiga hesabu za chaji. Gari nataka nikae nalo miaka 10. Muuzaji kila nikimuuliza anasema chukua kubwa, haniambii kwa nini. Mliotangulia nisaidieni.

fundi_waya: Pole kwa kuuguza mkuu. Achana na namba za brosha, kwa spidi ya 110 weka kWh 19 kwa kila km 100. Ya 52 ukitoka 100% mpaka 10% ni km 245 hivi, hufiki bila kusimama. Ya 75 ni km 355, unafika na chenji inabaki. Ila kusimama kwenyewe ni robo saa kwenye chaja ya haraka, na ukishusha spidi mpaka 90 unaweza usisimame kabisa, upepo ndio unaokula betri.

Mama Pacha: Fundi umesahau kitu. NMC siku za kawaida unachaji unaishia 80% isichoke haraka, 100% ni ya safari uliyopanga. Sasa simu ya usiku haipangwi, kubwa ikiwa na 80% mpaka 10% ni km 276 tu, na LFP unaweza kuikuta imejaa maana yenyewe haisumbuliwi sana na 100%. Tofauti km 30!! Mimi nina LFP mwaka wa tatu. Kosa langu nilikaa miezi miwili bila kuijaza, siku moja nipo njiani watoto wamelala nyuma asilimia ikaruka kutoka 18 mpaka 9 hapo hapo, mikono ilitetemeka. Volti za LFP hazibadiliki sana kwa hiyo kompyuta inapotea hesabu, ijaze 100% angalau mara moja kwa wiki.

Mzee wa Lami: Mimi sikubaliani, miaka 10 ni mingi, betri zote zinachoka na kubwa ikichoka bado ni kubwa. Kama kwenu kuna baridi kali ndio kabisa, LFP kwenye baridi inachaji kwa kusuasua. Yoyote utakayochukua dai waranti kwa maandishi, wengi wanatoa miaka 8 betri isishuke chini ya 70%.

fundi_waya: Mama Pacha uko sahihi, hilo la 80% lilinipita. Mkuu, njiani kuna chaja? Na kwa mama kuna soketi? Ya kawaida ukichomeka kwa masaa 10 unapata kama kWh 23, ni km 120 hizo.

Mwenye uzi: Asanteni sana, hiyo ya simu ya usiku ndio kitu nilichokuwa nakitafuta. Baridi kali hatuna. Chaja zipo mbili, km 170 na km 215. Kwa mama kuna soketi nyuma ya jiko ila ya zamani, imeungua kidogo pembeni.

fundi_waya: Hiyo usiichomeke!! Gari linavuta umeme mwingi kwa masaa, soketi chovu inayeyuka. Fundi avute waya mpya wenye saketi breka yake.

Mwenye uzi: Basi naelekea kwenye LFP. Jumamosi naenda na fundi kwa mama, soketi ikishakaa sawa ndio nasaini.