Krismasi Mwanza na mama mzee na watoto: tutembee wapi tukifikia Buhongwa?

Binti_Kimara
Wakuu, salamu. Tunatoka Dar kwa basi kuja kula Krismasi kwa kaka, Buhongwa. Tuko wakubwa wanne, watoto wawili (miaka 4 na 9) na mama ambaye magoti yanamsumbua. Siku za kuzunguka ni mbili, labda tatu. Zilizobaki ni za ndugu, kila nyumba inataka tule kwake. Nimeandika kisiwa cha Saanane, makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, kisiwa cha Ukerewe, watoto kuogelea ziwani, na samaki wa kurudi nao. Kuna Noah ya kaka. Nipangieni.

Ngosha_Igoma
Dada, Ukerewe futa. Si kwamba haipendezi. Meli ya Mwanza hadi Nansio inakula zaidi ya saa tatu kwenda tu, ukishuka unaanza kuwazia ya kurudi. Kwa Noah mtazunguka Bunda hadi Kisorya, halafu pantoni hadi Rugezi, na foleni ya pantoni msimu wa sikukuu haina adabu. Kule ni kwa kwenda kulala.

Saanane nendeni asubuhi, saa mbili muwe mmeshafika ofisi ya hifadhi pale Capri Point. Boti inavuka kwa dakika chache, kila mtu na jaketi okozi lake, mtoto apewe linalomkaa. Fedha taslimu msizitegemee: mnapewa namba ya malipo, mnalipa kwa simu au benki, kwa hiyo salio liwepo kabla. Wakubwa wabebe vitambulisho vya NIDA, maana bei ya raia si ya mgeni kutoka nje. Huyo wa miaka 4 halipi, ada ya watoto inaanzia miaka 5.

Watoto msiwaahidi tembo. Hifadhi nzima pamoja na maji yake ni kilomita za mraba 2 na ushee. Kuna swala pala, pimbi, tumbili na kenge, na juu ya mawe kuna mjusi dume mwenye kichwa na mabega mekundu, kiwiliwili cha buluu, anayetikisa kichwa juu chini akiona dume mwenzake. Asubuhi anaota jua, mchana jiwe likishapata moto anajificha mpenyoni. Ndiyo maana nasema saa mbili. Kupanda mawe waachieni wenye magoti mazima. Mama abaki chini kivulini kando ya maji, na chupa yake ya maji ya kunywa.

Mkirudi, Jiwe la Bismarck, lile linalotokeza ziwani, liko jirani hapo karibu na kivuko cha Kamanga. Asubuhi jua liko mgongoni kwako na jiwe linaonekana vizuri; jioni jua linazama nyuma yake na picha inatoka kivuli cheusi. Wengine wanapenda hiyo ya jioni, ni mapenzi yao.

Usagara_Stendi
Ngosha kasema vyema ila kasahau kwamba wageni wako Buhongwa. Kosa la wengi ni kuingia mjini kila siku na kuganda kwenye foleni. Bujora msipitie mjini! Tokeni Buhongwa hadi Usagara, shikeni barabara ya mchepuko inayotokea Kisesa, pale mpo jirani kabisa na Bujora.

Makumbusho yale aliyaanzisha Padri David Clement miaka ya 1950. Lipieni mtu wa kuwatembeza, bila maelezo mtaona vibanda tu. Aanzie jengo lenye umbo la kiti cha mtemi, lina ngoma za watemi, halafu nyumba ya mhunzi na ya mganga, na awaeleze Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma yanayoshindana tangu enzi hizo. Bulabo, sikukuu yenyewe ya mashindano hayo, ni Juni, kwa hiyo Desemba msitegemee kukuta ngoma uwanjani. Kikundi kinaitwa kwa kupatana bei kabla. Kwa mama ni pazuri, hakuna mawe ya kupanda.

Mkirudi Usagara na jua bado lipo, kateni kwenda Kigongo muone daraja la JPM (Magufuli), kama kilomita 3 juu ya maji, limezinduliwa Juni 2025. Msisimamishe gari katikati kwa ajili ya picha. Vukeni hadi Busisi, geuzeni, rudini.

Binti_Kimara
Asanteni sana. Na kuogelea? Wa miaka 9 hajalala anawaza ziwa.

Nesi_wa_Bwiru
Ziwani hapana, mpeleke bwawa la hoteli. Kichocho kinakaa kwenye konokono wa maji yaliyotulia yenye matete, na vijidudu vyake vinatoka kwa wingi mchana wa jua kali, saa ileile watoto wanataka maji. Havihitaji kidonda, vinapenya ngozi nzima. Akishaponyoka akaingia, mfute kwa taulo papo hapo na kwa nguvu, kisha baada ya wiki sita hadi nane apimwe. Dawa ipo, praziquantel, ila ikimezwa siku ileile haisaidii kitu: inaua minyoo iliyokomaa, hao wachanga inawapita. Na mamba wapo, jamani.

Mama_Mwaloni
Samaki nunueni siku ya mwisho, Mwaloni Kirumba, asubuhi, na viatu vya kufunika. Sato awe na jicho lililotuna na matamvua mekundu. Chini ya sentimita 25 muache, hairuhusiwi, na sangara chini ya 50 vilevile. Atolewe matumbo, alale friza ya kaka mpaka awe jiwe, ndipo mfunge kwa magazeti ndani ya deli. Barafu ya vipande msiweke: ikiyeyuka samaki anaogelea humo na nyama inalegea kabla hamjafika Dodoma. Wekeni chupa za maji zilizogandishwa.

Dagaa chukua kiganjani, sugua, achia. Mchanga ukibaki mkononi, walianikwa chini. Tafuta waliokauka kwenye chanja. Desemba mvua zinakatiza uanikaji, kwa hiyo nusa: mwenye harufu ya uvundo au tumbo la kahawia muache hata akipunguzwa bei. Angalia na mwezi pia. Dagaa wanavuliwa kwa taa, mbalamwezi ikikolea wavuvi wanapumzika na bei inapanda.

Michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ipo hapohapo sokoni, mama ataijua.