Naomba ushauri: albamu ya utotoni mwetu inasikika fupi kuliko ninavyoikumbuka

Mzaliwa wa Buruburu:

Ndugu zangu, hamjambo. Naomba ushauri kuhusu jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, lakini kwetu limezua mjadala mkali. Mimi na dada yangu tulilelewa Buruburu, Nairobi, na marehemu baba, ingawa hakuwa mpenzi mkubwa wa muziki wa roki, alikuwa na kaseti moja aliyoienzi: "Brothers in Arms" ya kundi la Dire Straits la Uingereza, iliyotoka mwaka 1985. Aliicheza jioni za Jumapili, mama akipiga pasi sare zetu za shule. Upande wa kwanza ulimalizika kwa "Why Worry", na baada ya mwimbaji kunyamaza gitaa liliendelea polepole kwa muda mrefu, nami nikisinzia kochini, mpaka kitufe cha deki kiliporuka chenyewe na mama akatuambia twende tukalale.

Hivi karibuni mama atatimiza miaka 70, na tunataka albamu hiyo isikike nyumbani siku hiyo. Nilipata santuri yake ya zamani katika kibanda kimoja pale Kenyatta Market, nikafurahi sana, lakini nilipoicheza wimbo ule uliisha upesi, na kile kipande cha gitaa ninachokikumbuka kilikuwa kifupi mno. Dada anashikilia kwamba kwa mtoto kila kitu huwa kirefu. Kaseti yenyewe ingali kabatini mwa mama, haijachezwa tangu baba atutoke, nami nahofia utepe utakatika. Je, ninakumbuka visivyo? Na je, niitoe kaseti ile niicheze, au niiache ilivyo?

Fundi wa Deki:

Ndugu, unakumbuka vyema kabisa. Muziki ukirefushwa kwenye upande mmoja wa santuri, mifereji hubanana na sauti hupungua nguvu, hasa besi, kwa hiyo watayarishaji walilazimika kupunguza nyimbo kadhaa za albamu hii ili zienee kwenye santuri moja. Kwenye kaseti na sidii nyimbo hizo zilibaki na urefu wake kamili. "Why Worry" ina takriban dakika 8 na nusu kwenye kaseti, lakini kwenye santuri ya wakati ule inazidi dakika 5 kidogo tu. "Your Latest Trick" na "So Far Away" nazo zilikatwa. Albamu nzima ni kama dakika 55 kwenye kaseti na kama dakika 47 kwenye santuri, na ndiyo maana matoleo ya baadaye ya santuri yaligawanywa katika sahani mbili.

Mama Wawili, Umoja:

Kabla ya kuamua, kaka, angalia kama kaseti hiyo ni halisi au ilinakiliwa, maana miaka ile wengi wetu tulinunua nakala River Road. Upande wa kwanza wa albamu hiyo una takriban dakika 33, na kaseti tupu za dakika 60 zilikuwa na dakika 30 tu kila upande, hivyo nakala ya aina hiyo ingekatika kabla wimbo wa mwisho haujaisha. Tazama pia ukingo wa juu: kaseti iliyotoka kiwandani na muziki wake haina vile vijipande viwili vya plastiki vinavyoruhusu kurekodi juu yake.

Msikilizaji wa Zamani:

Kwa nini kujisumbua? Toleo refu linapatikana kwenye intaneti. Licheze kwa simu na spika nzuri, wageni wafurahi.

Binti Mwalimu:

Kwa wageni, toleo la intaneti linatosha, hapo nakubali. Lakini aliyeuliza anatafuta kile alichokua nacho, na hicho hakikuwa nyimbo peke yake. Deki ambayo mkanda wake wa mpira umelegea huzungusha utepe polepole kidogo, na familia nzima huzoea sauti iliyo chini ya ile ya studio bila kujua. Wataalamu wa saikolojia wameona kwamba watu wazima hukumbuka kwa wingi mambo ya ujana wao, takriban kati ya miaka 10 na 30, na muziki wa kipindi hicho hushikamana na kumbukumbu hizo kwa nguvu ya pekee. Dada yako naye ana albamu yake kichwani. Pengine yeye alikuwa macho upande wa pili ulipogeuzwa, wakati wewe umeshalala.

Nina jambo moja zito zaidi. Kaseti ni ya mama yenu. Ikiwa hajaicheza tangu mumewe afariki, huenda ana sababu ambayo hajawaambia watoto wake. Msimshtukize mbele ya watu. Muulizeni kwanza, mkiwa wawili au watatu tu nyumbani.

Mzaliwa wa Buruburu:

Nawashukuru nyote. Nimeitazama kaseti na haina vile vijipande. Dada naye amekiri kwamba wimbo anaoukumbuka kuliko yote ni "The Man's Too Strong", ulio upande wa pili, na mimi siukumbuki hata kidogo. Jana tulimuuliza mama. Alinyamaza kidogo, kisha akasema tuilete, lakini anataka kuisikiliza yeye kwanza, kabla ya siku ya wageni.

Fundi wa Deki:

Vizuri sana. Basi usiiweke moja kwa moja kwenye deki. Kwanza tazama kile kipande kidogo cha sufu nyuma ya utepe. Gundi yake huchoka na kipande hudondoka, na bila hicho sauti huwa hafifu. Safisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti. Halafu peleka utepe mbele hadi mwisho na uurudishe, ili tabaka zilizogandamana ziachane taratibu. Waya wa kuunganisha deki na kompyuta utaupata Luthuli Avenue. Irekodi kaseti mama anapoisikiliza mara hiyo ya kwanza, pande zote mbili, na siku ya sherehe mcheze nakala.