Kompyuta ya mezani imegoma intaneti ya waya, simu zinapata. Msaada wakuu

Mpangaji_Tabata: Habari za jioni wakuu. Nina kompyuta ya mezani, Windows 10, mwaka wa tatu huu naitumia kwa intaneti ya waya bila shida. Tangu Jumamosi kile kialama cha pale chini kulia kimegeuka kadunia, inasema hakuna intaneti. Simu kwenye WiFi zinapata kama kawaida. Nimezima ruta nikawasha, nimepiga Windows upya, hola. Fundi wa Kariakoo kasema mlango wa kebo kwenye mazabodi (ile bodi kuu ya ndani ya kompyuta) umeungua, nimeshampa kianzio 40,000. Swali langu ni moja tu: mazabodi ya mtumba inadumu? Ijumaa natakiwa kutuma kazi ya watu, usingizi sina.

Kobe_Mzee: Toa Windows weka Ubuntu, utanishukuru.

Mama_Wawili: Pole kaka. Mimi yalinikuta hayohayo, fundi akanibadilishia RAM, akanibadilishia na power supply. Kumbe panya alikuwa amekula waya nyuma ya kabati la vyombo! Paka niliyemleta naye akazaa watano kwenye boksi la printa. Anayetaka paka aje inbox.

Waya_Nane: Mkuu, mazabodi iache kwanza. Pale kebo inapoingia nyuma ya kompyuta kuna vitaa viwili, vinawaka? Halafu fungua CMD, lile dirisha jeusi la kuandika amri, andika ipconfig, utuambie IPv4, yaani namba ya anwani ya kompyuta, inasomaje.

Mpangaji_Tabata: Taa zinawaka, zinazima, zinawaka tena. Namba ni 169.254.83.20. Ila mazabodi za mtumba ndizo nilizouliza.

Waya_Nane: Mlango ulioungua kwa kawaida hauwashi taa. Na namba inayoanza na 169.254 hukupewa na ruta. Kompyuta imeomba anwani, imekosa wa kuijibu, ikajipa yenyewe. Kebo hiyohiyo ukichomeka kwenye laptop?

Mpangaji_Tabata: Laptop nayo haipati.

Waya_Nane: Kwa hiyo na laptop mazabodi imeungua?

Kobe_Mzee: 😂😂 Fundi arudishe elfu arobaini.

Mpangaji_Tabata: Fundi namwamini, ndiye aliyenitengenezea TV. Kebo haina tatizo, ni mita 30 hivi, inatoka nyumba kubwa kwa mwenye nyumba, inapita juu ya paa mpaka kwangu.

Ustaadh_wa_Mtaa: Ndugu yangu, ruta ni ya mwenye nyumba, bando analipa nani? Watu tunapenda vya bure halafu tunashangaa baraka hakuna.

Mpangaji_Tabata: Ustaadh, nachangia kila mwezi. Tusitoke nje ya mada tafadhali.

Waya_Nane: Mita 30 si tatizo, kebo hizi zinafika mpaka mita 100. Jumamosi ulifanya nini kwenye hiyo kebo?

Mpangaji_Tabata: Hakuna cha maana.

Waya_Nane: Kisicho na maana basi.

Mpangaji_Tabata: Sawa. Kuna dogo chumba cha tatu kanunua kompyuta, akaniomba intaneti. Nikakata kebo katikati, nikaunga tawi la kwenda kwake, rangi kwa rangi zote nane, nikafunga soleteipu vizuri kabisa. Umeme humu ndani tumegawana hivyohivyo, mbona taa zinawaka? Na asubuhi napata, inakata jioni dogo akirudi kazini. Kwa hiyo kebo nzima. Kashanilipa ya miezi miwili, nimrudishieje?

Waya_Nane: Hapa ndipo ungeanzia, tusingefika kwenye paka. Balbu tatu zinaweza kunywa umeme wa waya mmoja. Kebo ya intaneti ni ya wawili: ncha hii na ile zinasalimiana, zinakubaliana kasi, ndipo kazi inaanza. Dogo akiwasha, watatu wanaongea kwenye nyaya zilezile na ruta haisikii mtu, ndiyo maana taa zako zinawaka na kuzima. Halafu zile nyaya zimesokotwa mbilimbili ili zisiingiliane kelele, wewe umezinyoosha ukafunga gundi juu ya paa, na mvua inakuja. Toa tawi la dogo sasa hivi uone.

Sukari_Guru: Wakuu mnanyweshwa chai. Mwezi wa tano jamaa huyuhuyu alifungua uzi anaulizia bei ya bati za nyumba yake ya vyumba vinne Chanika. Leo ni mpangaji Tabata anagombea waya na dogo.

Kobe_Mzee: Leteni maandazi.

Mpangaji_Tabata: Kujenga na kupanga vinagombana wapi? Nyumba iko kwenye msingi. Bati nilikuwa naulizia mapema.

Sukari_Guru: Msingi una mwaka wa ngapi?

Mpangaji_Tabata: Wa sita.

Mama_Wawili: Chanika upande gani kaka? Mimi nina kiwanja huko, jirani kaingia hatua mbili ndani ya mpaka wangu na mwenyekiti wa mtaa ananizungusha tu.

*(Majibu 14 kuhusu mipaka ya viwanja.)*

Mpangaji_Tabata: Wakuu, nimepanda paa na tochi ya simu, nimetoa tawi la dogo. Namba imebadilika, 192.168.1.14, kazi inapanda. Fundi wa Kariakoo hashiki simu.

Waya_Nane: Hiyo namba sasa umepewa na ruta. Nunua swichi ya milango mitano, si ya taa, ni kile kiboksi cha kugawa intaneti ya waya, kaa nayo chumbani kwako: kebo ya nyumba kubwa iingie hapo, ya kwako itoke, ya dogo itoke. Kebo ya paa ivute mpya isiyo na kiungo, ncha zote mbili ufuate mpangilio mmoja: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Na mwenye nyumba mwambie.

Mpangaji_Tabata: Ahsante sana mkuu. La mwisho: umesema milango mitano. Mmoja unaingia, mmoja wangu, mmoja wa dogo. Ile miwili inayobaki, chumba cha nne na cha tano si naweza kuwaunga?